Shule 75 na Kurasa Mbili

Katikati ya miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi lililoitwa ICS lilikuwa linajiandaa kusaidia shule saba za msingi huko Busia, mpakani na Uganda, upande wa Kenya. Zingepata sare za bure, vitabu na madarasa mapya. Michael Kremer, mchumi kijana wa Marekani aliyewahi kufundisha sekondari magharibi mwa Kenya miaka ya 1980, alikuwa amerudi kusalimia, akamkuta rafiki yake ameajiriwa na shirika hilo na ametwishwa kazi ya kutafuta shule za kusaidiwa. Kremer akampa wazo. Tafuteni shule 14 badala ya saba, zote ziwe zinastahili, kisha kura iamue ni zipi saba zitakazopata msaada. Muda ukipita, mtazilinganisha na zile saba nyingine.

Ukiitazama haraka, kura inaonekana kama njia tu ya kukwepa lawama. Lakini ndani yake mna ufundi wenyewe. Shule zinapochaguliwa na maofisa, huwa kuna sababu: mwalimu mkuu hodari wa kuandika barua, barabara inayopitika, diwani mwenye sauti. Shule ya namna hiyo ingefanya vizuri hata bila msaada, na hakuna mtu ambaye angeweza kutenganisha mchango wa vitabu na mchango wa mwalimu mkuu. Kura haimjui diwani. Inawatawanya walimu hodari na wazembe, vijiji vya karibu na vya mbali, wazazi wenye nacho na wasio nacho, pande zote mbili kwa viwango vinavyokaribiana. Inatawanya hata yale mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Tofauti inayobaki kati ya pande mbili ni moja, nayo ni ile uliyoileta wewe. Shule 14 ni chache kwa kazi hiyo, kwa sababu katika idadi ndogo bahati inaweza kulemea upande mmoja. Ndiyo maana majaribio yaliyofuata Busia yalikuwa ya shule 100, kisha 178, kisha 75.

Kugawa kwa kura hakukuzaliwa Busia. Ronald Fisher alikuwa akigawa vipande vya shamba kwa kura kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, tangu miaka ya 1920, na madaktari wakaufuata utaratibu huo baada ya Vita Vikuu vya Pili. Jambo jipya Busia lilikuwa kuupeleka kwenye shule za vijijini, masoko na visima, na kuurudia mwaka baada ya mwaka katika eneo lile lile, mpaka mji wa mpakani ukapata watu wanaoijua kazi hii kwa mikono yao. Ni makarani wanaojua kuingia Budalang'i mto Nzoia ukiwa umefurika, wanaojua kuuliza swali moja kwa maneno yale yale katika nyumba ya kwanza na ya mia, wanaojua kumtafuta mtoto aliyehamia Malaba au Jinja bila kumpoteza kwenye orodha. Mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa njia hii ya majaribio. Sehemu kubwa ya kazi yake iliyotajwa ilifanyika kati ya Busia na Teso.

Nalitaja hilo kwa sababu wafanyabiashara wa mpakani wanaofungua tovuti siku hizi huambiwa kwamba kujaribu kurasa mbili kwa pamoja ni utaalamu wa California. Ufundi ni ule ule, na wale wanaotaka kujua namna ya kuufanya kwa uangalifu wana mifano bora karibu na nyumbani kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Chukua duka la vifaa vya sola lenye tovuti, linalouza Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na pia Tororo, Uganda. Mgeni akifungua ukurasa, programu inampigia kura papo hapo. Akiangukia A, anaona ukurasa wa zamani. Akiangukia B, anaona ukurasa huo huo wenye badiliko moja, tuseme bei imeandikwa kwa shilingi za Kenya na za Uganda kwa pamoja badala ya za Kenya peke yake. Kuki ndogo inakaa kwenye simu yake ili akirudi kesho akute kile kile alichokiona jana. Mwishoni mwenye duka anahesabu, kati ya kila wageni 100 wa kila upande, wangapi walibofya kitufe cha WhatsApp, wangapi walilipa kwa M-Pesa au kwa MTN MoMo.

Wengi hawafanyi hivyo. Wanabadilisha ukurasa Jumatatu, kisha wanalinganisha mwezi huu na mwezi uliopita. Mpakani ulinganisho huo haufai kabisa. Shule za Kenya hufunguliwa Januari na za Uganda kwa kawaida Februari, kwa hiyo mifuko ya wazazi hukauka kwa nyakati tofauti kila upande. Shilingi ya Kenya ikipanda dhidi ya ya Uganda, wanunuzi wanavuka kwenda magharibi, ikishuka, wanarudi. Mavuno ya mahindi yakiingia, pesa inaonekana sokoni. Katika hali kama hiyo mauzo yanaweza kuongezeka maradufu huku ukurasa mpya ukiwa umeyapunguza. Kurasa mbili zikiwa wazi saa ile ile, mbele ya wateja wa siku ile ile, misukosuko yote hiyo inazikumba kwa usawa.

Habari ninayoipenda kuliko zote katika kazi za Busia ni ya chati za kufundishia. Hizi ni zile chati kubwa zinazosimamishwa mbele ya darasa na kufunuliwa ukurasa kwa ukurasa, mwalimu akielekeza kwa fimbo. Paul Glewwe, Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walianza kwa kutazama shule ambazo tayari zilikuwa na chati na kuzilinganisha na zisizo nazo, huku wakijitahidi kusawazisha kwa hesabu tofauti nyingine walizozijua. Matokeo yalipendeza: chati zilionekana kupandisha alama za mtihani kwa kiasi cha kumfurahisha mfadhili yeyote. Kisha wakatazama shule 178 ambako nusu, yaani 89, zilipewa chati kwa kura. Tofauti ya alama ikawa karibu na sifuri.

Wanafunzi ni wa eneo lile lile, chati ni za aina ile ile, na majibu mawili yanapingana. Shule zilizokuwa na chati tangu mwanzo zilikuwa nazo kwa sababu tayari zilikuwa shule za namna fulani, na zile hesabu za kusawazisha hazikuweza kuiona namna hiyo. Makala yao ilitoka mwaka 2004, na thamani yake kubwa ni kwamba waliyaweka majibu yote mawili mezani, lile linalopendeza na lile la kweli, ili kila mtu aone jinsi lile la kwanza lilivyokuwa la kuaminika.

Mwenye tovuti hukutana na jibu la kwanza kila siku. Programu ya takwimu inamwambia kwamba wageni waliotazama video ya duka wananunua mara tatu kuliko wasioitazama, naye anatoa pesa kutengeneza video nyingine tano. Lakini mtu anayekubali kumaliza bando lake kwa video ya paneli za sola alikuwa ameshaamua kununua kabla ya kubofya. Ili kujua video inafanya nini, ni lazima iwe mbele ya wageni waliochaguliwa na kura, na iondolewe mbele ya wengine waliochaguliwa vivyo hivyo.

Vitabu navyo vilitoa somo la aina nyingine. Katika shule 100, wastani wa alama haukupanda vitabu vilipotolewa, ila wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri walipanda zaidi. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa huko. Wastani peke yake ungesema vitabu havina kazi. Ni kwa sababu watafiti walikuwa wamewapima watoto kabla ya kuanza ndipo waliweza kuona nani alifaidika na nani aliachwa nyuma.

Mwaka 1998 Kremer na Edward Miguel walianza jaribio la dawa za minyoo katika shule 75 za Budalang'i na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Eneo hilo liko kando ya Ziwa Viktoria, na kichocho na safura viliwasumbua watoto wengi. Shule ziligawanywa makundi matatu ya 25. Kundi la kwanza lilianza kupata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hakuna shule iliyoachwa mpaka mwisho. Fedha na watumishi visingetosha kuanza na zote kwa mara moja, na zamu hiyo iliyolazimu ikageuzwa kuwa kipimo. Utoro ulipungua kwa karibu robo katika shule zilizopata dawa.

Mimi navutiwa zaidi na uamuzi mmoja uliofanywa kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa. Waligawa shule nzima nzima. Tafiti nyingi zilizotangulia zilikuwa zimegawa watoto mmoja mmoja ndani ya shule moja: huyu dawa, yule bila dawa. Lakini minyoo haikai kwa mtu mmoja. Mtoto aliyetibiwa haachi tena mayai ya minyoo kwenye uwanja anaochezea pekupeku na mwenzake, kwa hiyo mwenzake ambaye hakutibiwa naye anapata nafuu. Ukiwalinganisha hao wawili utaona tofauti ndogo na utasema dawa haisaidii sana, wakati imewasaidia wote wawili. Miguel na Kremer walikuta nafuu hiyo imefika hata shule jirani ambazo zamu yao haijafika.

Suala hili la ugawe nini, mtu, shule au kijiji, ndilo linaloonyesha nani anaijua kazi. Lirudishe kwenye tovuti ya mpakani uone linavyouma. Huku simu moja hutumiwa na mume na mke. Mtu mmoja ana laini ya Safaricom akiwa ng'ambo hii na ya MTN au Airtel akiwa ng'ambo ile, na mara nyingi simu mbili. Waendesha bodaboda kwenye stendi wanaonyeshana skrini. Ukiwapigia wageni kura mmoja mmoja ili kujaribu ofa ya kufikishiwa mzigo bure, aliyeiona atamwambia ambaye hakuiona, na huyo wa pili atapiga simu kuulizia ofa ambayo kwenye ukurasa wake haipo. A na B zitakuwa zimechanganyika, na hasira juu. Rangi ya kitufe au mpangilio wa picha unaweza kugawa kwa mtu, kwa sababu hakuna anayesimulia rangi ya kitufe. Ofa na habari zinazosambaa zigawe kwa mji au kwa wiki, wiki zenyewe zikipigiwa kura, na ukubali kwamba utasubiri zaidi kupata jibu.

Jaribio la minyoo lenyewe halikukosa dosari. Shule ziliorodheshwa kwa alfabeti na kila ya tatu ikaangukia kundi moja, jambo ambalo wakosoaji walilisema baadaye kuwa si kura halisi. Mwaka 2015 watafiti wa London walizirudia hesabu na kukuta makosa, hasa kuhusu umbali ambao nafuu ilisambaa, na mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Waliweza kuzirudia kwa sababu Miguel na Kremer walikuwa tayari kuzitoa takwimu zao. Wakati huo huo wapimaji waliendelea kuwatafuta wale watoto, sasa watu wazima walioenea Kenya na Uganda. Makala ya 2021 iliripoti kwamba waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa walikuwa, miaka 20 baadaye, wanatumia asilimia 14 zaidi na kulipwa asilimia 13 zaidi kwa saa. Sijui kampuni ya intaneti iliyowahi kuwafuatilia wateja wa jaribio moja kwa miaka 20.

Kwa wafanyabiashara kuna kazi zilizofanyiwa watu wa kazi kama zao. Huko Bumala, soko lililo kwenye barabara ya kuelekea Busia, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walitoa kwa kura nafasi ya kufungua akaunti za benki. Waliopigiwa kura ni akina mama wa sokoni na waendesha bodaboda za baiskeli. Akaunti hazikutoa riba, na kutoa pesa kulikuwa na ada, kwa hiyo mtu angetegemea hakuna atakayezitaka. Akina mama walizitumia, na waliopewa nafasi hiyo wakawa wanaweka kwenye biashara zao kati ya asilimia 38 na 56 zaidi kwa siku. Kwa waendesha baiskeli hakukuonekana badiliko. Mtu angewachanganya wote katika hesabu moja, angepata jibu la katikati lisilomhusu mama wala dereva. Mwenye tovuti naye ana wateja wa aina mbili au zaidi, na ni vizuri aamue mapema, kabla ya kuona matokeo, kwamba atawatazama tofauti wa Kenya na wa Uganda, au wa simu ndogo na wa kompyuta. Akianza kuwakatakata baada ya kuona matokeo, atapata kikundi cha kumfurahisha bila shida, na kitakuwa cha bahati tu.

Kazi nyingine ya magharibi mwa Kenya, ya Lori Beaman, Jeremy Magruder na Robinson, ilihusu chenji. Wenye vibanda walikuwa wanapoteza mauzo kwa kukosa chenji: mteja ana noti, kibanda hakina sarafu, mteja anaondoka. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya faida. Jambo la ajabu ni kwamba kuuliza kwenyewe kulibadilisha mambo. Wenye vibanda waliotembelewa mara kwa mara na kuulizwa ni mauzo gani wameyakosa walianza kuweka chenji ya kutosha. Kumbe kipimo nacho kinagusa kile kinachopimwa, ndiyo maana fundi anayeijua kazi hupima pande zote mbili kwa namna moja, kwa maswali yale yale na kwa idadi ile ile ya ziara. Kwenye tovuti ukiweka dodoso kwenye ukurasa B peke yake, umeshaliharibu jaribio.

Kisha kuna kijiko. Duflo, Kremer na Robinson walitaka kujua mbolea inamlipa mkulima wa Busia kiasi gani, wakaliuliza shamba la mkulima mwenyewe. Katika shamba moja vilipimwa vipande vitatu vidogo vilivyopakana, kama mita 30 za mraba kila kimoja. Kimoja kiliwekwa mbolea ya kukuzia, kimoja kilifuata mapendekezo yote ya wizara pamoja na mbegu za kisasa, na kimoja kikabaki kama mkulima alivyozoea. Udongo, mvua, palizi na mkono wa mkulima ni vile vile. Nusu kijiko cha chai cha mbolea kwa kila shina ndicho kilicholipa vizuri zaidi, wakati mapendekezo kamili, kwa wastani, hayakulipa. Ninauheshimu sana ule mpaka mwembamba kati ya kipande na kipande, kwa sababu umeondoa karibu kila kisingizio. Na unafundisha kubadilisha kidogo: wengi tungejaribu kifurushi kizima, tukikuta hakilipi tungesema mbolea haifai. Ukurasa mpya wenye rangi mpya, maneno mapya na bei mpya kwa pamoja ukishindwa, hujui ni nini kilichouangusha.

Ng'ambo, Tororo wana sifa ya jambo gumu zaidi: kupima bila yeyote kujua nani kapata nini. Wilaya hiyo imekuwa mojawapo ya sehemu zenye malaria nyingi mno duniani. Upimaji wa mbu wa mwaka 2001 na 2002 ulikadiria kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Mwaka 2014, jaribio lilianza pale na wajawazito 300, kulinganisha dawa iliyozoeleka ya kuzuia malaria na dawa nyingine iliyotolewa mara tatu katika ujauzito au kila mwezi. Kama mama mmoja angemeza vidonge vingi kila mwezi na mwingine vichache, kila mtu angejua. Kwa hiyo vilitengenezwa vidonge visivyo na dawa vinavyofanana na vile halisi, akina mama wote wakafuata ratiba moja ya kumeza, na wala wao wala waliowahudumia hawakujua nani yuko kundi gani. Baada ya kujifungua, kondo la nyuma lilipimwa kwa hadubini. Malaria ilikutwa kwa asilimia 50 ya waliokuwa kwenye dawa ya zamani, asilimia 34 ya waliopata mpya mara tatu, na asilimia 27 ya waliopata kila mwezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Fikiria uvumilivu wa kumhesabia mama vidonge mwezi baada ya mwezi, ukitamani kujua, na usiulize.

Uvumilivu huo ndio mwenye tovuti anaukosa kuliko kitu kingine. Tuseme katika kila wageni 100 wawili hununua, nawe unatumaini ukurasa B utawafikisha watatu. Ili kuiona tofauti hiyo kwa uhakika wa kawaida unahitaji wageni karibu 4,000 kila upande. Tovuti inayopata wageni 100 kwa siku itachukua zaidi ya miezi miwili na nusu. Duka dogo la Tororo linaweza kupima hatua ya mapema zaidi, kama kubofya kitufe cha WhatsApp: ikiwa wanaobofya ni 20 kwa 100 na unatafuta 30, wageni kama 300 kila upande wanatosha. Hata hapo usikubali siku sita. Acha wiki mbili kamili zipite, ili siku za gulio na Jumapili ziingie mara sawa.

Na katika kusubiri huko, mkono hautulii. Siku ya tatu B inaongoza, na mtu anataka kufunga hesabu. Kurasa zikiwa sawa kabisa, kipimo cha kawaida kikitazamwa mara moja mwishoni kitakudanganya mara 5 katika 100. Ukichungulia mara 10 na kusimama pale tu unapoona ushindi, utadanganyika karibu mara 19 katika 100. Baadhi ya mafundi makini huanza kwa kushindanisha ukurasa na nakala yake yenyewe, A na A, ili waone kwa macho yao jinsi bahati inavyoweza kujifanya ushindi, na ili wagundue kama kura ya programu yao inapendelea upande.

Kwenye kampuni na kampeni kubwa kazi hii imewafundisha wakubwa kunyamaza. Kampeni ya Barack Obama ilipojaribu michanganyiko 24 ya picha, video na vitufe kwenye ukurasa wake wa kujiandikisha, wahusika walikuwa wanapenda video. Video zote zilishindwa na picha ya familia, na waliojiandikisha wakapanda kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6. Huko Microsoft, Ron Kohavi ameeleza jinsi badiliko dogo la vichwa vya matangazo kwenye Bing lilivyowekwa kando kwa miezi kwa kuonekana halina uzito. Mwaka 2012 lilipojaribiwa liliongeza mapato kwa asilimia 12. Kohavi huyo huyo anasema kwamba kati ya mawazo waliyoyajaribu pale, kama theluthi moja yalisaidia, theluthi hayakubadilisha kitu, na theluthi yaliharibu. Watu wa chati za Busia hawatashangaa.

Juu ya bei nina msimamo. Bei zimepimwa kwa kura Busia, na matokeo yake yameokoa watu. Wazazi walipoombwa kuchangia kidogo dawa za minyoo, watoto waliotibiwa walishuka kutoka asilimia 75 hadi 18. Dupas na mtafiti mwenzake Cohen walipotoa vyandarua kliniki za wajawazito kwa bei kuanzia bure hadi shilingi 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 nzima za asilimia kwenye bei ya juu, na waliolipa hawakuvitumia zaidi kuliko waliopewa bure. Maswali hayo yalistahili kuulizwa kwa sababu jibu lilikuwa la kumpunguzia mtu mzigo, na kila kliniki ilikuwa na bei yake moja iliyotangazwa kwa wote wanaofika. Kumtoza jirani bei ya juu kwa siri ili upime subira yake ni jambo tofauti, na mji wa mpakani, ambako bei inajulikana kabla chai haijapoa, hauwezi kukusamehe. Jaribu maneno, picha, mpangilio na urahisi wa kulipa. Ofa ya kweli itangaze wazi. Na kwa kuwa Kenya na Uganda zote mbili zina sheria za kulinda taarifa binafsi za mwaka 2019, mwambie mgeni kwamba kuna kuki.

Wewe mwenye duka Busia au Tororo unayetaka kuanza, anza na daftari. Andika badiliko moja utakalolijaribu, hatua moja utakayoihesabu, idadi ya wageni unaowataka kila upande na tarehe ya kufunga. Mpe mtu mwingine nakala ya ukurasa huo, mtu ambaye hataogopa kukuuliza siku ya tatu kwa nini unafunga mapema. Kisha fungua kurasa zote mbili, na uendelee na kazi zako mpaka tarehe ifike.